VPN ikizorota nyumbani, itazame ruta kwanza

Karibu miezi miwili niliilaumu bila kosa huduma yangu ya VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kupitishia intaneti. Bila VPN nilikuwa napata megabiti 90 kwa sekunde, nikiwasha, 14. Nikabadilisha seva, za karibu na za mbali, bado 14. Namba isiyotikisika namna hiyo inasema kitu: kama tatizo lingekuwa umbali, ingepanda na kushuka kila ninapohama seva. Kizuizi kilikuwa humu ndani.

VPN niliiweka kwenye ruta ili vifaa vyote vipitie humo. Siku moja nikafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta huku napakua faili kubwa, nikakuta prosesa iko asilimia 100 na haishuki. Ruta nyingi za nyumbani zina prosesa ndogo, na OpenVPN, moja ya programu zinazoendesha VPN, kwa kawaida husukuma kazi yote ya kusimba data kwenye kiini kimoja tu cha prosesa. Nikaizima pale, nikaiwasha kwenye kompyuta: 78.

Kwa hiyo kabla hujalipia huduma nyingine, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, upime bila VPN, halafu nayo. Ukipima kwa Wi-Fi hutajua mwenye kosa ni VPN au ni ukuta unaozuia mawimbi.

Ukiweza, hamia WireGuard, programu nyingine ya VPN. Ni nyepesi, na tangu mwaka 2020 imo ndani ya Linux yenyewe. Ukibaki na OpenVPN, ipitishe kwenye UDP, njia inayotuma pakiti (vipande vya data) bila kusubiri uthibitisho. Ikipita kwenye TCP, njia inayotuma upya kinachopotea, pakiti moja ikipotea, TCP ya nje (ya VPN) na ya ndani (ya data yako) zote zinahangaika kuituma upya, na kasi inaporomoka.

Kuna dalili nyingine inayosumbua sana: ping (jaribio la kuona kama seva inajibu) inajibu vizuri, ujumbe mfupi unafika, lakini kurasa nzito zinaishia nusu. Hapo shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Ethaneti, mtandao wa waya, hubeba baiti 1500. VPN inaifunga kila pakiti kwa bahasha yake, na ikizidi kipimo inakatwakatwa au inatupwa. WireGuard kwa kawaida huanzia 1420, ila laini yangu ni ya PPPoE, njia ambayo baadhi ya watoa intaneti huunganishia wateja, nayo hula baiti 8, hivyo nikaweka 1412. Kurasa zilizokuwa zinakwama zikafunguka papo hapo. Kama 1412 haikutoshi, teremsha kidogo kidogo, ukijaribu ukurasa uleule kila mara.