Jibu: Viungio vya A105 kwenye bomba la amonia

Ndugu, umeuliza kama viungio vya chuma cha kufuliwa vya A105, ulivyovipata kwa bei nafuu hapa Industrial Area, vitafaa kwa bomba la amonia litakalofika nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Nakusihi usivitumie. A105 ni chuma kizuri kwa mvuke na maji ya shinikizo kubwa, lakini kikomo chake cha kawaida ni nyuzi 29 chini ya sifuri; chini ya hapo chuma hupoteza unyumbufu wake na kinaweza kupasuka ghafla, bila kupinda kwanza wala kutoa dalili yoyote. Chagua A350 LF2, aina ya chuma cha kufuliwa cha kuhimili baridi, ambayo hupimwa kwa kugongwa ikiwa kwenye nyuzi 46 chini ya sifuri, na udai cheti chenye namba ya myeyusho (namba ya kundi la chuma kilichoyeyushwa pamoja) inayolingana na ile iliyopigwa chapa kwenye kiungio chenyewe. Cheti kisichoonyesha matokeo ya kipimo hicho hakikufai, hata muuzaji akikuapia.

Kuhusu daraja la kiungio, namba kama 3000 si kipimo cha shinikizo la mfumo wako. Katika ASME B16.11, kiwango cha Marekani cha viungio vya kufuliwa, kiungio cha kuchomelea chenye tundu la kuingizia bomba, cha daraja la 3000, huenda na bomba la skedyuli 80 (skedyuli ni namba ya unene wa ukuta wa bomba), na cha 6000 huenda na skedyuli 160.

Epuka viungio vya meno, yaani vya kufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, kwani vinaweza kuvuja, na amonia inayovuja huumiza watu. Unapochomelea, rudisha bomba nyuma takriban milimita 1.6 kutoka mwisho wa tundu, ili weldi isipasuke.