Sare ya Fischer na Tal, Leipzig 1960: namna ya kuisoma

Unayeanza kujifunza Ulinzi wa Kifaransa katika sataranji (ufunguzi wa Mweusi wa 1...e6), tawi la Winawer (3...Bb4), panga ubaoni mchezo wa Bobby Fischer wa Marekani (Mweupe) na bingwa wa dunia wa wakati huo, Mikhail Tal, Olimpiadi ya sataranji ya Leipzig, 1960. Uliisha sare kwa hatua 21 tu, lakini hawakupeana mkono kwa uchovu. Walipigana mpaka mwisho. Herufi: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, isiyo na herufi ni askari; x ni kula, + ni cheki (kumshambulia mfalme), ! ni hatua nzuri, O-O na O-O-O ni mfalme na ngome kuhama pamoja.

1.e4 e6 2.d4 d5 3.Nc3 Bb4 4.e5 c5 5.a3 Ba5 6.b4 cxd4 7.Qg4 Ne7 8.bxa5 dxc3 9.Qxg7 Rg8 10.Qxh7 Nbc6 11.Nf3 Qc7 12.Bb5 Bd7 13.O-O O-O-O

Simama hapo. Anayehesabu askari tu ataona Mweupe amezidi mmoja, tena askari wake wa h ana njia nyeupe mpaka h8. Sasa tazama alichonunua Mweusi: safu ya g haina askari wake, ngome ya g8 inamlenga mfalme, na malkia wa Mweupe amebaki mbali, h7.

14.Bg5 Nxe5! 15.Nxe5 Bxb5 16.Nxf7 Bxf1 17.Nxd8 Rxg5 18.Nxe6

Farasi anamtisha malkia wa c7 na ngome ya g5 kwa mpigo mmoja. Wengi hukomea hapa kuhesabu, wakaitupa hatua ya 14 ya Mweusi wakiiona mbovu. Kosa ni kutouliza kwanza: nina cheki ya kutoa?

18...Rxg2+! 19.Kh1 Qe5 20.Rxf1 Qxe6 21.Kxg2 Qg4+

Mweupe ana ngome dhidi ya farasi, askari watano kwa wanne, na bado hawezi kushinda. Kh1, Qf3+, Kg1, Qg4+, bila kikomo. Askari wake wa f2 na h2 pamoja na ngome ya f1 wamemfungia mfalme, na malkia wa h7 hafiki g2 wala g3 kumkinga.

Kaa na hatua hiyo ya 14 dakika 20, uandike mahesabu yako kabla ya kufungua kompyuta. Kompyuta itakupa namba tu, bila kukueleza kwa nini.

Kwenye mashindano, sare ya hali kujirudia mara tatu ina utaratibu wake. Andika hatua yako kwenye karatasi, usiguse kete, simamisha saa, mwite mwamuzi. Ukishagusa kete, haki ya kudai kwa hatua hiyo imekwenda. Na ukidai kimakosa, mpinzani huongezewa dakika 2.