Takmaria: loweka kwanza, mengine baadaye

Kila Ramadhani ikikaribia naulizwa jambo lile lile: mbona takmaria zangu zimegandamana chini ya jagi, na mbona nyingine zimebaki ngumu, zinakwaruza meno? Hapa Mombasa tumezizoea tangu utotoni, kwenye faluda na kwenye maji ya ndimu, na jibu langu halijabadilika. Umezimwaga kavu ndani ya sharubati. Hazitaki hivyo.

Takmaria ni mbegu za mrehani, mmea ule ule unaonukia uani na ambao majani yake hutiwa kwenye vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Ni mbegu ndogo, nyeusi ti. Zikikutana na maji, ganda la nje hutoa ute, na baada ya dakika chache kila mbegu inakuwa imevaa koti la kijivu linalopenyeza mwanga, kitone cheusi kikibaki katikati. Asiyezizoea husema ni kama mayai ya chura, na sibishani naye. Muhimu ni kwamba ute huo hufunguka vizuri katika maji matupu. Ukianza na maziwa, au na maji yaliyokolea sukari, zinavimba kwa shida.

Kwa hiyo chukua bakuli la pembeni. Kijiko kimoja cha chakula cha mbegu, kikombe kimoja cha maji, yaani kama mililita 250; hiyo inatosha jagi la lita moja. Kabla ya yote zimwage mbegu kwenye sinia uzichambue, kwa sababu za kupimiwa huja na vijiti na pengine mchanga, na zikishalowa huwezi tena kuokota kitu. Maji yawe ya kawaida au vuguvugu, hakuna haja ya kuchemsha. Tangulia kuweka maji, kisha zinyunyize mbegu kidogo kidogo huku mkono mwingine unakoroga. Baada ya dakika mbili koroga tena. Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayovunja madonge yangali laini. Halafu ziache robo saa. Onja chache: zikiteleza ulimini na katikati kukabaki mkatiko mdogo tu, ziko tayari. Zikiwa bado kavu ndani, ongeza maji na usubiri.

Sasa kinywaji chenyewe. Kwenye jagi kamua ndimu mbili au tatu, weka vijiko vitatu vya sukari na chembe ya chumvi, mimina maji baridi kama mililita 750, koroga mpaka sukari iyeyuke, onja, ndipo umimine takmaria pamoja na ute wake. Usizichuje. Mimi huongeza matone machache ya marashi ya waridi, lakini hakikisha ni ya kutia kwenye chakula. Yale ya mrashi wa maulidini yaache kazini kwake. Ukwaju nao unafaa sana, na tangawizi iliyosagwa na kuchujwa pia. Juisi nzito ya embe siipendi kwa hili. Mbegu zinapotea ndani yake, na raha yake ni kuziona zikielea.

Zinunue kwenye maduka ya viungo, kama yale ya soko la Marikiti hapa Mombasa. Usinunue pakiti ya mbegu za kupanda, kwani nyingi hupakwa dawa ya kuzuia ukungu. Ukiwa na mrehani wako nyumbani, acha mashuke ya maua yakauke yawe ya hudhurungi, yasugue kwa viganja juu ya ungo, kisha pepeta. Utapata kidogo mno kwa jasho hilo, nakwambia mapema. Siku hizi pia wapo wanaouziwa chia wakidhani ni takmaria. Chia zina madoa ya kijivu, hudhurungi na nyeupe, na huvimba taratibu zaidi. Ukiwa nazo, zipe nusu saa au zaidi. Kinywaji kitanyweka, ila ute wake ni mwembamba.

Kuhusu afya, mitandaoni wanazisifu mpaka zinakuwa dawa ya kila kitu. Nijualo ni kwamba zina nyuzinyuzi nyingi, zinashibisha na husaidia choo kilichokuwa kigumu, mradi unywe maji ya kutosha. Ukizitia kwenye jagi lenye robo kilo ya sukari, usitarajie kitambi kipungue. Anayetumia dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kwanza. Na kamwe usizitafune wala kuzimeza kavu: zinaweza kuvimba kooni na kumkaba mtu. Watoto wadogo sana usiwape. Wakubwa kidogo wape zilizovimba kabisa, wakiwa wamekaa.

Zilizobaki bila sukari wala ndimu zifunike uzitie kwenye friji. Siku mbili zinakaa vizuri, ila huzidi kuwa nzito, kwa hiyo ziongeze maji kabla ya kutumia. Asubuhi yake napenda kuzichanganya na mtindi. Wengine huzihifadhi kwa faluda ya jioni: tambi zilizochemshwa zikapoa, takmaria, maziwa baridi, sharubati ya waridi, na aiskrimu juu ukiwa na wageni.