Umepata kazi Alice Springs? Soma haya kabla hujapanda ndege

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Morogoro aliniandikia. Amepata kazi kwenye nyumba ya wazee Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, viza imetoka, anauliza abebe nini. Mwishoni akaongeza: "Dada, naambiwa wale Waaborijini ni wagumu, hata ukiwasemesha hawakuangalii usoni. Ni kweli?" Nimeamua kumjibu hapa, maana swali hilo naletewa mara kwa mara, na kila mara linaniuma.

Aliyekwambia hivyo hajakaa na hao wenyeji wa asili wa Australia. Mimi nimekaa. Wazee wengi niliowahudumia ni Waarrernte, wenye mji wenyewe, ambao wao wanauita Mparntwe, na Wawarlpiri wa jangwani upande wa kaskazini-magharibi. Kutokukukazia macho ni adabu. Wewe babu yako alipokuwa anakusema, ulimtumbulia macho? Ukimuuliza mzee jambo, subiri. Atanyamaza kwanza, tena kwa muda. Ukimrundikia swali la pili na la tatu atasema "ndiyo" ili umwache apumue, nawe utaandika kwenye faili kwamba amekubali kuogeshwa. Hajakubali chochote.

Na ujue anakuonaje. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi miaka ya 1970, serikali na makanisa ya Australia walikuwa wakiwachukua watoto wa Kiaborijini kwa wazazi wao, hasa waliochanganya damu, na kuwafungia kwenye mabweni. Pale pale Alice Springs kuna kituo cha zamani cha telegrafu ambako leo watalii wanapiga picha. Miaka ya 1930 kilikuwa bweni la watoto hao. Serikali iliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008, juzi tu. Wawarlpiri nao wana kumbukumbu ya mauaji ya Coniston, mwaka 1928, polisi walipoongoza msako wa kulipiza kisasi. Serikali ilihesabu waliouawa 31. Wenyewe wanasema ni wengi kuliko hao. Sasa mtu aliyelelewa na simulizi hizo anakuona umevaa sare, umeshika fomu, unamwambia "twende". Unategemea akuchekee?

Halafu msiba. Mtu akifariki, jina lake halitajwi. Picha yake inatolewa ukutani, na yeyote mwenye jina kama hilo anaanza kuitwa Kwementyaye, au Kumanjayi kwa Wawarlpiri. Nilimwona muuguzi mmoja akiita majina ya wazee wa kupewa dawa ukumbini. Alipofika kwenye jina la marehemu alinyamaza, akasukuma kigari chake taratibu hadi kwa mzee mwenye jina hilo, akachutama, akamwonyesha kikaratasi kwa kidole. Hakuna semina ya nusu siku itakayokufundisha hayo. Keti na wenyeji, uangalie.

Mwenzetu mmoja kazini, mama wa Kiarrernte, alifiwa na mama yake mdogo. Kwao dada wa mama ni mama, kama kwetu, na maombolezo huweza kuchukua wiki kadhaa, ndugu wakisafiri mamia ya kilomita. Sheria ya kazi ya Australia inampa mfiwa siku 2 kwa mzazi, mtoto, mwenzi, ndugu, babu, bibi, mjukuu na mtu wa nyumbani mwake. Dada wa mama hayumo. Msimamizi akakataa. Niliomba kikao, nikaeleza kwamba kwa hesabu ya ukoo aliyefariki ni mzazi, na kwamba mimi ningefiwa vile ningeomba ruhusa vilevile. Mwenzetu aliruhusiwa. Mimi nikaitwa mchochezi, na zamu za Jumapili zikawa zangu kwa muda mrefu. Bado inaniuma, lakini ningefanya tena. Mwezi uliopita kituo kingine kiliniita niwafundishe wafanyakazi wapya mambo hayo hayo.

Sasa nyinyi Waafrika wenzangu, mniwie radhi. Rangi yako haikupi kitambulisho pale. Wewe ni mgeni kama wageni wengine, na ukirudia maneno ya vijiweni kwamba wenyeji ni wavivu wa kula hela za serikali, wewe ni mgeni mbaya. Utajiri wa ng'ombe wa jimbo lile ulijengwa na wachungaji wa Kiaborijini waliokuwa wakilipwa unga, sukari na chai. Mwaka 1966 Wagurindji wa shamba la ng'ombe la Wave Hill, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waliweka chini kazi, wakakaa kwenye mgomo hadi 1975, waziri mkuu Whitlam alipommiminia Lingiari mchanga wa ardhi yake mkononi, ishara ya kuwarudishia ardhi. Miaka tisa! Mvivu gani anagoma hivyo?

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukifika muulize mzee ardhi yake ni ipi kabla hujamuuliza anaumwa wapi. Muite anti au anko kama watakavyokuonyesha wenyeji. Ukipangiwa kumwogesha mwanaume, uliza kwanza kama anataka mhudumu wa kiume, maana mambo ya wanaume na ya wanawake kule hayachanganywi. Na tarehe 26 Januari, sikukuu ya taifa ya Australia, siku ambayo Waingereza walishuka Sydney mwaka 1788 kuanzisha koloni lao, usiende kazini umejichora bendera ya Australia shavuni. Wengi wa wazee wako siku hiyo wako kwenye maombolezo.