Jibu: Maji nachemsha, mbona tumbo bado laniendesha?

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza mbona waharisha kila mara ilhali maji ya kunywa wachemsha. Mimi naanzia kwenye ndoo. Huku Kisauni, Mombasa, wengi twanunua maji ya mkokoteni, mengine ya visima vilivyo jirani na vyoo vya shimo, kwa hivyo kuchemsha ni sawa kabisa. Lakini baadaye wayachotaje? Kwangu kikombe kilikuwa kikielea ndani ya ndoo, kila mtu aingiza mkono hadi kifundoni. Tulichemsha kisha tukayachafua wenyewe. Tafuta ndoo yenye bomba na kifuniko.

Halafu chatne ya ukwaju, ule mchuzi wa kuchovyea: viazi karai vyatoka kwenye mafuta moto, lakini chatne yake imekorogwa na maji usiyoyajua. Barafu ya juisi vivyo hivyo. Na sabuni utokapo chooni, maji matupu hayatoshi.

Likikuendesha tena: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe sawasawa, bila kilima, unywe kidogokidogo. Dawa za kuua bakteria usijinunulie. Ukiona damu, homa kali, au choo kama maji ya mchele, nenda hospitali saa hiyo hiyo, tafadhali.