Muulize Fundi: Mbio zilizojificha ndani ya gari la familia

Fundi, shikamoo. Nina miaka 24 na nimeweka akiba muda mrefu nikiitamani Toyota Supra, lile gari la michezo. Kila nikikaribia, bei imeshanikimbia tena. Je, ndoto hii niizike?

Marahaba, kijana wangu. Usiizike, ila tenganisha vitu viwili ulivyovichanganya: jina na mbio. Kilichopanda bei ni jina. Injini yenyewe haikuzaliwa peke yake. Injini ya Supra, 2JZ ya lita 3, silinda sita mstari mmoja, iliwekwa pia kwenye Lexus IS300 bila turbo (feni inayoshindilia hewa kwenye injini), ikiwa na nguvu za farasi 215. Hiyo ni saluni ya milango minne, na nguvu zinakwenda magurudumu ya nyuma kama kwenye Supra. Kule Japani gari hilohilo liliitwa Toyota Altezza, likatoka mwaka 1998. Toleo lake la RS200 lina injini ya 3S-GE ya lita 2, na ile ya gia sita za mkono inatoa nguvu za farasi 210. Wengi wanaikumbuka kwa zile taa za nyuma za kung'aa ambazo dunia nzima iliziiga. Wameiacha injini, wamebaki na taa. Afadhali kwako, maana gari lisilosifiwa ndilo linaloshikika.

Waanzilishi wa jambo hili la kulipa mbio gari la kawaida walianza hivyohivyo. Vijana wa California hawakuwa na pesa za kununua gari la mashindano. Walichukua Ford ya 1932, gari la watu wa kawaida lenye V8 ya lita 3.6 na nguvu za farasi 65, lililokwisha kuzeeka na kushuka thamani. Waling'oa madigadi ili lipungue uzito, wakaongeza kabureta, kisha wakaenda kulipima kwenye uwanda wa maziwa yaliyokauka maji, kama El Mirage. Gari walilichagua kwa sababu injini yake ilikuwa nzuri na lenyewe lilikuwa limejaa kila mahali. Kipimo changu hakijatoka hapo mpaka leo: natafuta injini yenye heshima ndani ya gari ambalo mwenye nalo wa kwanza alilinunua ili awapeleke watoto shule.

Fundi, mimi ni mama wa watoto watatu. Mume wangu anasema gari la familia na gari lenye mbio haviwezi kuwa kitu kimoja. Tuamulie.

Dada, shemeji anisamehe, lakini nipo upande wako. Mwaka 1994 Volvo walipeleka wagoni ya 850 kwenye mashindano ya magari ya Uingereza, wagoni kabisa, na buti lake refu. Mwaka uliofuata wakauza 850 T-5R ya barabarani yenye silinda tano, turbo, na nguvu za farasi 240. Toyota nao walitengeneza Caldina GT-Four kuanzia 2002. Ni wagoni yenye injini ya 3S-GTE, ya ukoo uleule uliobeba Celica GT-Four kwenye mbio za rali. Nguvu za farasi 260, magurudumu yote manne yanavuta. Kasoro yake kwangu ni moja: ina gia za otomatiki tu.

Ila inayonikaa moyoni ni Subaru Legacy GT wagoni, ile ya miaka ya 1990 mwishoni yenye turbo mbili na nguvu za farasi 280. Nikueleze ukweli wake wote. Turbo ya kwanza inafanya kazi chini, ya pili inaamka juu. Zinapopokezana, kwenye mizunguko elfu nne na kitu kwa dakika, gari linakata pumzi. Unakanyaga, hakuna jibu. Unahesabu moja, na mgongo unabanwa kwenye kiti. Asiyelijua gari hilo anadhani limeharibika; anayelijua anabadilisha gia mapema au anavumilia. Ukifungua boneti unakuta msitu wa vimipira vya hewa vinavyoendesha hizo turbo mbili. Kimoja kikipasuka, kimoja tu, turbo ya pili inaweza isiamke, na utalipa mafundi watatu kabla hajatokea wa kukiona. Nimewahi kukaa alasiri nzima na tochi mdomoni nikipapasa kila kimipira kwa vidole. Ufa nikaukuta chini kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Legacy GT iliyoanza 2003 ina turbo moja na ugonjwa huo haina. Kwa mama mwenye safari za kila siku ningesema chukua hiyo.

Fundi, nimeona Corolla RunX yenye injini ya 2ZZ. Mwenyewe anaapa imetunzwa. Kabla sijatoa pesa, nikague nini?

Umeona vizuri. Injini hiyo ya lita 1.8 ina nguvu za farasi 190, na Lotus waliichukua wakaiweka kwenye gari lao la michezo, Elise. Chini ya mizunguko 6,000 ni Corolla ya kwendea sokoni. Ikipita hapo kidogo, inahamia kwenye meno marefu ya kemshafti (mhimili unaofungua vali), na sauti inageuka kama mtu amefungua mlango wa chumba chenye ngoma.

Kwa hiyo jambo la kwanza, usiwashe. Chomoa dipstiki gari likiwa limepoa. Oili ikiwa chini ya alama, au nyeusi na nzito, ahadi za mwenyewe hazina maana tena. Hii ni injini inayofanya kazi juu sana, na msukumo wa oili ndio unaoihamishia kwenye hayo meno marefu. Ikipungua, mageuzi hayatokei, na ukizidi kulazimisha unaiua. Halafu washa, uiache ipate joto kabisa, kwa sababu ikiwa baridi haitahamia hata iwe nzima. Ndipo uende barabara iliyo wazi, gia ya pili, uipandishe mpaka juu. Usiposikia mabadiliko, uliza kama zile bolti zilizo chini ya kava ya juu ziliwahi kubadilishwa. Kwenye injini za mwanzo zilikuwa zinalika na hata kukatika. Zilitolewa nyingine bora, na kazi ya kuzibadilisha si kubwa. Muulize pia, kwa upole, kama aliwahi kukosea gia akaingiza ya pili badala ya ya nne. Kosa hilo linazungusha injini kupita uwezo wake na linaweza kupasua gia za pampu ya oili. Mtu mkweli atakumbuka, maana kishindo chake hakisahauliki.

Ninasisitiza dipstiki kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kununua gari la turbo jioni, giza linaingia, na sikuichomoa. Siku ya tisa nikasikia mgongano mdogo wa chuma, tok, tok, tok, unaofuata mwendo wa injini. Nilipofungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili ilikuwa inameta. Nikaisugua kati ya vidole viwili, vikabaki na rangi ya dhahabu. Zilikuwa ni beringi za konrodi zimesagika zikawa unga. Nilikaa pale chini ya gari nikitazama vidole vyangu. Dakika moja ya mwanga ingetosha kuniepusha.

Fundi, gari ninalo tayari. Nianze na turbo kubwa au kurekebisha kompyuta ya injini?

Hapana kwa vyote viwili. Kuna mfano ninaoupenda: Buick Regal GS ya mwisho wa miaka ya 1990, V6 ya lita 3.8 yenye supachaja (feni ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini), nguvu za farasi 240, gari lililoonekana la wazee. Wenye nalo waligundua kwamba ukiweka puli (gurudumu la mkanda) ndogo kwenye supachaja, inazunguka haraka zaidi na nguvu zinapanda palepale. Kazi ya siku moja. Injini yenyewe ni chuma kigumu, inastahimili. Giaboksi ndiyo inayolia, na wengi walioanza na puli walimalizia kwa giaboksi.

Nguvu ukiiongeza, lazima ipite mahali, na itavunja palipo dhaifu. Anza na tairi nzuri zote nne zinazofanana. Badilisha shokapu na busha zilizochoka. Gari la miaka 20 lenye busha mpya linageuka kama jingine, na hapo tu wengi wanagundua hawakuhitaji turbo. Safisha rejeta. Kabla ya hayo yote mwaga oili ya breki uweke mpya, maana inavuta unyevu kadiri inavyokaa, na yenye unyevu inachemka mapema. Ikichemka unakanyaga pedali inazama mpaka kwenye zulia, na gari linaendelea kwenda.