Kutambua kiwanda cha rimu za mbao za baiskeli za kale

Usianze na kipimo. Viwanda vingi vya Marekani vya miaka ya 1890 vilitoa rimu za inchi 28, kwa hiyo kipimo peke yake hakikupi jina. Wala usiamini stika ya chapa ya baiskeli: waunda baiskeli wengi walinunua rimu kwa watu wengine.

Vua tairi, kisha angalia karibu na tundu la valvu, upande wa ndani unaotazama habu (kitovu cha gurudumu) na chini ya tairi kwenye gundi kuukuu. Mulika tochi kwa ubavu. Muhuri uliofifia huonekana kwa kivuli chake. Safisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Spiriti huyeyusha vanishi ya zamani na stika pamoja nayo, na msasa ukishapita hakuna cha kurudisha.

Baada ya hapo chunguza kiungo. Je, ni ubao mmoja uliopindwa, ncha zikashikana kwa meno, au ni tabaka nyembamba zilizogundishwa? Kiungo ndicho ushahidi bora, maana viwanda kadhaa vililinda mbinu zao kwa hataza (haki ya uvumbuzi). Piga picha yake kwa karibu, pamoja na umbo la rimu likitazamwa kwa mkato.

Matundu ya spoki 32 mbele na 40 nyuma huelekeza Uingereza. Ukikuta jina Lobdell, kampuni ya rimu, fikiria mji wa Onaway, Michigan, Marekani, lakini kampuni hiyo iliuza pia rimu za chuma.